Shangazi wa Chumba cha Kwanza, Aliyewaandaa Watoto Kabla Hatujawapima

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa za kazi zikiisha, Shangazi atafunga mlango wa Chumba cha Kwanza na kukabidhi ufunguo, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi kwa sababu ofisi yangu imepakana na yake na ukuta wenyewe ni mwembamba. Kamati ya sherehe ilidhani nitakuwa nimesikia mengi. Haikukosea.

Jina lake analo, tena limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, ila hakuna anayelitumia. Watoto ndio walioanza kumwita Shangazi. Wazazi wakafuata, madaktari wakafuata wazazi, na mwaka juzi mkurugenzi mwenyewe alimwita Shangazi katikati ya kikao, mbele ya wageni waliokuja na tai zao. Hakuna aliyecheka isipokuwa Shangazi.

Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao hupita koridoni kwetu wakidhani tumefungua chekechea, niseme kidogo kazi yenyewe ni ipi. Tunafanya tathmini ya ubongo na tabia kwa watoto. Mtoto aliyeanguka akaumia kichwa, mwenye kifafa, aliyeugua sana akapona nusu, au ambaye masomo hayamwingii na hakuna ajuaye kwa nini, huletwa kwetu. Tunakaa naye saa kadhaa, pengine siku mbili, tukimpa picha za kutazama, hadithi za kukumbuka, vitu vya kupanga na vya kuchora. Mwishowe tunaeleza jinsi kichwa chake kinavyosikiliza, kinavyokumbuka na kinavyopanga mambo, na nini kifanyike shuleni na nyumbani ili apate nafuu. Sindano hatuna wala mashine hatuna. Tuna meza, viti na uvumilivu, na uvumilivu wenyewe hupungua ikikaribia saa ya chakula.

Mimi ni mmoja wa wanaopima. Shangazi ndiye anayewaandaa watoto kabla hawajafika mezani kwangu. Ndiye pia anayewaandaa wazazi, na hiyo ndiyo kazi ngumu.

Aliajiriwa akiwa muuguzi wa wodi ya watoto. Anasema kilichomtoa wodini ni mama mmoja ambaye mtoto wake aliruhusiwa kwa vifijo baada ya kulazwa muda mrefu. Mama huyo alirudi miezi mingi baadaye, akasimama mlangoni, akasema: "Mmenirudishia mtoto mzima, lakini siye yule niliyemleta." Maneno hayo yalimkera Shangazi hata akaomba ruhusa ya masomo, akasomea saikolojia, na akarudi na shahada na miwani. Akawa mpimaji. Wengi wetu tuliopo leo tulijifunza kazi kwa kukaa nyuma ya kiti chake, na nasema bila kumpamba kwamba sijawahi kuona mtu anayepima vizuri kama yeye.

Kisha, akiwa kileleni, akaenda kwa mkurugenzi wa wakati huo akaomba aache kupima. Alisema kwamba vipimo vingi huharibika kabla mtoto hajaketi, na kwamba yeye anataka kuwa huko vinakoharibikia. Wakubwa walimwona amechoka. Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, wakidhani atapumzika kidogo kisha arudi kwenye akili zake. Hajarudi mpaka leo, na sisi tunashukuru.

Alichokifanya kwanza katika stoo hiyo ni kuketi. Aliketi kwenye kila kiti ambacho mtoto angeketi, akatazama kila ambacho mtoto angekitazama. Akagundua kwamba dirisha linaonyesha magari yakiegeshwa, na hakuna picha yetu inayoweza kushindana na gari linalorudi kinyumenyume; akabandika karatasi nusu ya chini ya kioo. Akagundua kwamba saa ya ukutani inapiga kelele, akaiondoa. Akagundua kwamba taa ndefu ya darini inavuma kama nyuki, akawafuata mafundi wa matengenezo mpaka wakawa wanamwona kwa mbali na kubadilisha njia. Meza aliikatisha miguu. Fundi alimwuliza ana hakika gani kuhusu kipimo, naye akapiga magoti mbele ya meza, akaweka viwiko juu yake, akasema hapo hapo.

Alituwekea pia sheria moja. Neno "mtihani" ni marufuku kutamkwa koridoni kwetu, na anayelitamka anawapikia wenzake chai. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mtu anayeheshimiwa nchi nzima, ametupikia chai mara nyingi kuliko mhudumu wa jikoni, na bado sukari hajui kuipima.

Kisa cha viatu wengi mmekisikia kwa kutiwa chumvi, nawapa kilivyokuwa. Baba mmoja, mtu mzima na heshima zake, hakutaka mwanawe aogope hospitali, akamwambia wanakwenda kununua viatu. Mtoto akaingia kwangu, akaketi, akanyoosha mguu. Nilimwonyesha picha, naye akanionyesha mguu. Nikamsomea hadithi, akaisikiliza kwa adabu, ilipoisha akauliza kama vya kamba vipo. Asubuhi nzima ikatupita hivyo, baba kajiinamia nje. Shangazi alipoitwa hakumbembeleza mtoto. Alimwambia baba amweleze mwanawe ukweli hapo hapo, amwombe radhi, kisha aende akamnunulie viatu kweli. Wiki iliyofuata walirudi, mtoto kavaa viatu vipya, akafanya kazi yote bila kusukumwa. Tangu siku hiyo kila mzazi anayepiga simu kuomba nafasi huulizwa kwanza: "Umemwambia mnakuja kufanya nini?" Wengi huomba wapige tena kesho.

Akawatungia wazazi maneno ya kusema nyumbani, maana aliona wengi hawana. "Kuna watu wanataka kujua kichwa chako kinafanyaje kazi. Mengine utayaona mepesi, mengine yatakushinda, na yakikushinda hakuna atakayekugombeza." Huwataka wayarudie mbele yake mpaka yatoke bila kigugumizi. Nimewasikia kupitia ukuta, wanaume wenye sauti za kuamrisha kikosi, wakiyarudia maneno hayo kama watoto wa darasa la kwanza, na wakikwama kwenye "hakuna atakayekugombeza."

Mwaka hadi mwaka amepambana na wema wa wazazi. Kuna mama aliyeacha miwani ya mtoto nyumbani ili asionekane mgonjwa. Kuna bibi aliyempa mjukuu kahawa nzito ili achangamke, na akachangamka kweli, tukamkuta amepanda kabati. Kuna baba ambaye hakumpa mwanawe dawa ya kifafa asubuhi hiyo ili, kwa maneno yake, tumwone mtoto alivyo. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia Shangazi akipandisha sauti. Kwa hiyo anawaambia mapema, tena kwa kurudia: alale mapema, ale alivyozoea, anywe dawa zake kama kawaida isipokuwa daktari wake amesema vingine, aje na miwani yake na kifaa chake cha masikio kama anacho, na ripoti za shule zije zote, hata zile zinazotia aibu.

Halafu huwaomba kitu ambacho wazazi wengi hawakitarajii. Wao huja na malalamiko wameyapanga vichwani, tangu la kwanza hadi la mwisho, lakini yeye huyaweka kando kwanza na kusema: "Niambie siku yake ya kawaida, tangu anapofumbua macho." Mzazi huanza kwa kusitasita, kisha hufunguka, na katikati ya uji na kutafuta soksi iliyopotea, mtoto mwenyewe hujitokeza. Mara nyingi nimesoma maelezo aliyoniachia Shangazi kabla ya kupima, na nilipomaliza kupima nikajikuta nimefika alipokuwa yeye amekaa ananingoja.

Msije mkadhani ni malaika. Hati yake haisomeki, na maelezo hayo ninayoyasifu nimeyasoma kwa jasho. Akiazima kalamu, agana nayo. Huimba akiwa peke yake, na ukuta wetu, nimekwisha sema, ni mwembamba. Na ni mtu wa kutania bila simile: mimi ameniita Bwana Haraka tangu wiki yangu ya kwanza, na sasa hata mke wangu ananiita hivyo.

Sasa nifike kwa binti wa mwalimu, kwa sababu bila yeye wasifu huu ungebaki kuwa sifa tupu. Baba yake ameturuhusu tukisimulie kisa hiki, na alipoulizwa kama tumfiche kidogo, alikataa.

Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Miaka miwili kabla ya hapo aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona, watu wakapumua. Aliporudi shuleni akawa mwingine. Mwalimu akisema toeni madaftari, fungueni ukurasa wa pili wa zoezi la jana, nakilini swali la mwisho, yeye alitoa daftari akatulia akitazama mbele. Walimu walidhani anawafanyia jeuri. Baba yake ni mwalimu wa hesabu katika shule hiyo hiyo, tena anafundisha darasa la binti yake, kwa hiyo aibu ilimkuta kazini na ikamsindikiza nyumbani. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kata shauri: muhula ukiisha bila maelezo ya kueleweka, mtoto atarudishwa darasa la chini, akae dawati moja na mdogo wake wa kiume. Kilichokuwa kimebaki kumwokoa na dawati hilo ni tathmini yetu.

Nilikuwepo siku ya maandalizi, maana Shangazi hupenda mtoto amwone mapema mtu atakayekaa naye. Binti aliingia amesukwa vizuri, sare imepigwa pasi, mikono kaibana mapajani. Baba aliketi nyuma yake na mkoba miguuni. Shangazi alijishusha kwenye kiti kidogo, magoti yakalia kama kawaida yake, akamwuliza anadhani wamekuja kufanya nini.

Binti alijibu haraka, kama mtu aliyelingojea swali hilo. "Kupanga vibao vya rangi. Mimi napanga upesi sana. Nikikosea narudishwa kwa mdogo wangu."

Baba alitazama sakafu.

Yote yakatoka. Jirani yao alikuwa na mtoto aliyepimwa mahali fulani, akawasimulia kwamba huko watoto hupewa vibao vya rangi wavipange kufuata mchoro. Mwalimu akatafuta mbao, akazikata mwenyewe kwa msumeno, akazisugua, akazipaka rangi. Kila jioni kwa wiki nyingi, vyombo vikishaoshwa, akamfanyisha binti yake mazoezi. Hata sasa vibao vilikuwa kwenye mkoba. Walikuwa wamekusudia kuvipitia mara ya mwisho hapo nje.

Nilishika kichwa. Wasiojua kazi yetu watauliza kosa liko wapi, maana kila mzazi mwema humsaidia mwanawe kujiandaa. Lakini kwetu, kitu kilichokaririwa hakitwambii tena chochote. Mtoto angepanga vibao vile kama fundi, na ripoti ikasema ubongo wake uko timamu kabisa, na mkuu wa shule angepata alichokuwa anakitafuta: kama akili anazo, basi ni mkaidi. Mzazi wa watu, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anamtengenezea mtoto ushahidi wa kumhukumu. Na muhula ulikuwa unakatika. Kuahirisha kungekuwa sawa na kumpeleka wenyewe kwenye dawati lile.

Nilimtazama Shangazi nikingoja amweleze baba madhara aliyoyafanya. Badala yake alitandika mkeka, akashuka chini, akasema: "Mwalimu, hebu vitoe. Nifundishe mimi kama ulivyomfundisha yeye."

Mwalimu hakulitarajia hilo, ila ualimu ni ualimu. Akavimwaga vibao mkekani, akaanza. Kwanza tunatazama pembe, pili tunatenganisha rangi, halafu hiki tunakigeuza hivi, lakini kabla ya kukigeuza tuhakikishe kile kiko pale, isipokuwa kama mchoro una mstari wa mshazari, hapo utaratibu unabadilika. Alieleza vizuri, kwa ufasaha, kwa muda mrefu. Shangazi alikosea. Akakosea tena. Binti akaziba mdomo asicheke.

"Na yeye alikuelewa hivi hivi?" Shangazi akauliza.

"Hapo ndipo utakapoujua ukaidi wake," mwalimu akasema, na uchungu ukamtoka. "Wiki za mwanzo nilieleza mpaka nikachoka. Yeye analia, mimi nafoka, mama yake anatoka nje. Halafu nikapata mafua, sauti ikakauka kabisa, nikawa namwonyesha kwa mikono tu. Wiki ile ndiyo akaamua kujitahidi. Akavipanga vyote. Kwa hiyo uwezo anao, Shangazi. Akitaka, anaweza."

Shangazi alikuwa ameshika kibao kimoja. Akakiweka chini polepole. "Na sauti iliporudi?"

"Nikampa michoro mipya, nikaanza kueleza. Akarudia yale yale."

Mimi, ambaye hiyo ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimesikia habari za mafua tu. Nilipomwona Shangazi amevua miwani na kumgeukia mtoto ndipo nilipoelewa. Tunachokitafuta kwa siku mbili, kwa meza na picha na hesabu zetu, kilikuwa kimetokea jikoni kwa mwalimu, jioni baada ya jioni, naye akakisoma kichwa chini miguu juu. Shangazi alikiokota kutoka kwenye malalamiko, mtu akisimulia kuumwa koo. Nimefanya kazi naye miaka mingi na sijui hata leo alikisikiaje. Nimejaribu kujiambia kwamba ni uzoefu, lakini uzoefu ninao na mimi.

Alimwuliza binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, huwa inakuwaje mwalimu anaposema mambo mengi pamoja.

Binti alifikiri. "Nasikia. Naelewa. Halafu yanaondoka."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Basi huyu Bwana Haraka hajui yanaondoka wapi," Shangazi akamwambia akinionyesha mimi, "na anataka sana kujua. Mkiwa naye, yakiondoka mwambie hapo hapo. Utakuwa umemsaidia." Akamweleza kwamba vibao vya baba vitabaki nyumbani, ni vizuri sana lakini kazi yake imekwisha. Akamweleza kwamba mezani kwangu atakuta vitu asivyowahi kuviona, na kwamba vimetengenezwa ili vingine vimshinde kila mtoto, hata yule wa kwanza darasani. Kisha akamgeukia mwalimu, akamwambia kitu kimoja tu: leo jioni msifanye mazoezi yoyote, mwache acheze na mdogo wake, alale mapema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akavikusanya vibao vyake kimoja kimoja.

Kwenye kupima niliacha kabisa sehemu ya vibao, nikaandika wazi kwenye ripoti kwamba mtoto alikuwa amevizoea, nikatumia njia nyingine. Na yule mtoto alinifanyia nilichoombewa. Nilipokuwa nikimsomea maagizo, aliinua mkono kwa utulivu na kusema, "Yameondoka." Nikasoma mengine, akasikiliza, akainua mkono. "Hapo. Yameondoka." Watoto wengine wanapopotelewa hukisia, au hutazama dirishani, au hulia. Huyu alinionyesha mahali penyewe, kwa sababu mtu alimwambia mapema kwamba kufanya hivyo ni msaada wala si aibu. Nilipompa mambo yale yale kwa picha, aliyashika, na baada ya muda mrefu alikuwa bado anayo yote.

Niseme mapema ili msikae na wasiwasi: shule iliisoma ripoti ikaelewa. Binti hakurudishwa. Maagizo sasa anapewa moja moja, na yanaandikwa ubaoni au kwenye kadi juu ya dawati lake. Hajawa wa kwanza darasani, wala sisi hatukumwahidi mtu hilo. Anamaliza kazi zake.

Lakini ninachotaka kibaki kwenye jarida hili ni siku ya majibu. Kwa kawaida majibu hupewa wazazi. Shangazi ndiye aliyeshikilia kwamba na mtoto apewe yake, kwa maneno yanayomtosha, na kwamba aandaliwe kuyapokea kama alivyoandaliwa kupimwa. Kwa hiyo tulikuwa wanne chumbani: yeye, mimi, binti na baba yake.

Shangazi alimwambia binti kwamba masikio yake ni mazima na kichwa chake kinafanya kazi. Maneno mengi yakija kwa mkupuo yanamponyoka, akiyaona yanakaa. Ni kwa sababu ya ule ugonjwa, na ugonjwa hakuuita yeye.

Binti akauliza, "Kwa hiyo mimi si mkaidi?"

"Si mkaidi."

"Na mvivu?"

"Wala mvivu. Umekuwa ukifanya kazi kubwa kuliko wenzako. Nani alikwambia wewe mkaidi?"

Shangazi huwauliza watoto wote swali hilo, maana hutaka kujua ni nani mwingine wa kuzungumza naye. Binti akajibu bila kinyongo, kama mtu aliyeulizwa anakaa mtaa gani.

"Mwalimu wa hesabu."

Mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye kiti cha pembeni yake, bega lake karibu liguse la binti.

Nilitamani Shangazi aseme neno. Ana maneno ya kuwaokoa wazazi, nimeyasikia kwa miaka mingi kupitia ukuta, mazuri na ya kweli. Hakutoa hata moja. Alimwacha yule baba na sentensi ile, naye alikuwa akimtazama kwa huruma, ila alimwacha. Na mwalimu akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Mwalimu wa hesabu alikosea," akasema.

Binti alimtazama sana. "Ulisema mbele ya darasa."

"Nilisema."

"Na hili utasema mbele ya darasa?"

"Kesho. Kabla ya hesabu."

Shangazi alinigusa kiwiko tukatoka. Akauvuta mlango taratibu, akaketi kwenye benchi la koridoni katikati ya wazazi wanaongoja zamu, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Mama mmoja alimwuliza kama ni zamu yake. Akamwambia bado kidogo, kuna watu wanaongea.

Kesho yake mwalimu alisimama mbele ya darasa lake, watoto wakiwa wameshatoa madaftari, akawaambia kwamba alimwita mwenzao mkaidi na kwamba haikuwa kweli. Hatukuyasikia kwake. Binti mwenyewe alimpigia simu Shangazi jioni, kwa simu ya mama yake, na nikamsikia Shangazi kupitia ukuta akiuliza tu: "Eh? Halafu? Halafu akasemaje?" akitaka kurudiwa kila neno.

Shangazi, kwa niaba ya wenzako wa korido nzima, wanaopima na wanaofagia, pamoja na daktari wetu wa chai, nakuandikia haya tukiwa bado tunakustaajabia. Asante kwa watoto walioingia kwetu bila hofu, na kwa wazazi waliotoka kwetu bila aibu. Sasa amka saa unayotaka, ule bila kukimbizwa, uwasikilize wajukuu mpaka wakuchoshe. Tunakuombea afya, miaka mingi na furaha nyumbani kwako, na mlango wetu ukiupita, ingia.